Piza ya Wageni

...na kwa nini hapa, kati ya meza zote za Chicago, kwa nini Leni amlete hapa, Bernadine alikuwa akijiuliza huku mdogo wake huyo akipigana na koti, mkono mmoja umeshatoka na wa pili umekwama kwenye bitana iliyochanika, watu wa meza ya jirani wakisogeza glasi zao taratibu, kwa nini hapa chini ya reli ya treni ya juu, ambapo kila treni ikipita uma hucheza kidogo kando ya sahani, ambapo kuta zote zimejaa majina yaliyoandikwa na watu waliotoka mbali, fulani na mkewe wa Oregon, wanafunzi wa Osaka, tulifika hapa, tulishiba, ambapo foleni ya mlangoni ilikuwa ya mabegi ya magurudumu na kofia ambazo bado zina mkunjo wa dukani, hapakuwa na mtu wa mtaa wao, Barabara ya Archer, kwenye foleni ile, pengine hapakuwa na mtu wa mji huu kabisa ila Leni, maana watu wa mji huu hawali piza hii nene ya sufuria, wanaijua, wanaisifu, mtu wa New York akiidharau watakunja ngumi, lakini kuila hawaili, hii ni ya wageni... "Ya sufuria ni ya wageni," Baba alikuwa akisema huku akifunga tai mbele ya kioo kidogo cha jikoni, "sisi tuna yetu," na yao ilikuwa ya Ijumaa, ikitoka baa ya Stela pale kwenye kona, nyembamba kama kadi, jibini tu maana Ijumaa Bibi hakuruhusu nyama mezani, ikivunjika kwa mlio mdogo chini ya jino, ya duara lakini imekatwa miraba, kisu kimepita hivi na hivi kama anayechora ubao wa drafti, na kwa kuwa duara halikubali kuwa mraba bila ubishi, pembeni hubaki vipande vinne vidogo vya pembetatu, havina jibini ya maana, vimeungua kidogo, kona, waliviita kona, na kwa ajili ya kona hizo yeye na Leni walikuwa tayari kutoana macho, mpaka Mama apige meza kwa kiganja, na boksi lenyewe lilikuwa limelowa mafuta katikati, na dirisha la jikoni limefunga ukungu, na redio inasoma habari za barafu ziwani... "Unasikia baridi?" Leni alikuwa akiuliza, koti limeshindwa vita na sasa liko mgongoni mwa kiti, "tunaweza kuomba meza nyingine, hapa mlango unapiga upepo," naye akasema hapana, pazuri, pazuri sana, kwa sauti ile ile ambayo wageni wa Baba walioletwa hapa walikuwa wakisemea pazuri, akajisikia mwenyewe.

Kwa sababu hilo ndilo lililokuwa likimkaa kooni tangu waliposhuka garini, kwamba ameletwa kwenye piza ya wageni, na aliyemleta hakuhitaji kusema zaidi... mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, ndivyo wahenga walivyosema, wahenga wa kila nchi bila shaka, kila mmoja kwa chombo chake, na kwa watu wa Archer jembe ni beleshi la theluji, na leo ilikuwa siku yake ya tatu, alfajiri alisikia chuma kikikwaruza njia chini ya dirisha, akaruka kitandani, akavaa viatu vya marehemu Mama alivyovikuta kabatini, akashuka mbio kama msichana, akamkuta Leni amekwishamaliza, anapangusa beleshi na kulisimamisha nyuma ya mlango pale pale Baba alipokuwa akilisimamisha, "Rudi ndani, dada, utapata homa bure, wewe umezoea jua," na jana kwa vyombo ikawa vile vile, alipokunja mikono ya sweta Leni alimtoa kwenye sinki kwa mabega, kaa, wewe kaa tu, na taulo alizowekewa kitandani zilikuwa mpya, moja bado ilikuwa na karatasi ya bei, na katika nyumba ile ya matofali ya orofa mbili hakuna mtu wa nyumbani aliyewahi kupewa taulo mpya, watu wa nyumbani walijifuta kwa lile la kijani lenye tundu... umezoea jua, ndiyo, alilizoea, miaka thelathini na kitu ya Arizona, mti wa ndimu uani, mumewe Wade akirekebisha pampu ya maji huku akiimba vibaya, kisha mwaka juzi msiba, Wade hayupo, pampu inanguruma peke yake usiku, jua ni lile lile lakini halina mtu ndani yake, akaanza kuota theluji, si kuota uzuri wake, akaanza kuota kazi ya kuizoa, uzito wake kwenye mkono, na kwenye ndege alikuwa ametengeneza sentensi moja, ameikunja vizuri kama shuka, Leni, nataka kurudi, nataka kukaa pale juu, maana orofa ya juu wapangaji walihama tangu masika na Leni hajaweka kibao cha kupangisha dirishani, sentensi fupi tu, hata mtoto angeisema, lakini siku ya kwanza Marlene mkewe alikuwa na mafua, siku ya pili lilipasuka bomba la maji moto, na leo Marlene yuko zamu hospitalini na Leni anasema, vaa, dada, nakutoa, twende mjini kati tukale, na Bernadine akavaa kwa furaha, mpaka alipoona gari linapinda kuelekea mtoni akajua wanakwenda wapi, sentensi ikajikunja yenyewe ikarudi mahali pake.

Mhudumu alikuwa amesimama mezani, mama wa makamo mwenye penseli masikioni, moja huku moja kule, akiuliza kama wameshaagiza kule mlangoni. Leni akamtazama. Mlangoni? Si mtu anaagiza akishakaa? "Jamani baba," mhudumu akasema bila ubaya wowote, "hii inakaa kwenye tanuri karibu saa nzima, ndiyo maana tunachukua oda mkiwa bado kwenye foleni. Nilimtuma binti na daftari, hamkumwona?" Na Bernadine alimwona, alimwona Leni akimpungia yule binti mkono kwa adabu, asante, hatuhitaji, bila shaka akidhani anauza tiketi za bahati nasibu ya kanisa, naye Bernadine, aliyejua, aliyekuwa ameijua desturi ile tangu hajafika kiunoni mwa Baba, hakusema kitu, kwa sababu mgeni hamkosoi mwenyeji... "Basi tulieni," mhudumu akasema, "mtazeeka kidogo, ila hamtakuwa peke yenu," akaandika soseji, akaandika vitunguu, Leni shingo imemwiva mpaka nyuma ya masikio, akakunja menyu, akaikunjua, akaikunja, na hilo nalo lilikuwa la ajabu, kwa sababu Baba angekuwa radhi afe kuliko kusahau kuagiza mlangoni, Baba alikuwa akimshika yule binti wa daftari kabla hajafika kwao, anamwita kwa jina, anamwuliza habari za mama yake, ili wageni waone, waone kwamba Kazimir Pietras, aliyeshuka meli na sanduku moja na sasa anakata nyama kwenye kiwanda cha baridi, ana mahali mjini kati ambapo anafahamika.

Na hakika Baba wa hapa hakuwa Baba wa Archer, Bernadine aliwaza, Leni akiendelea kusema kitu kuhusu goti lake na daktari ambaye hamwamini, ndiyo, goti, pole, alisikia goti... Baba wa Archer alikula kimya, alinuka sabuni ya kiwandani na chini yake harufu ambayo sabuni haikuiweza, alilala kitini kabla habari hazijaisha, lakini Baba wa hapa alikuwa na tai, alikuwa na mikono mirefu ya kusimulia, alimsimulia mjomba Zygmunt aliyetoka Krakow na yule padri binamu wa Mama na mashangazi wawili waliokuwa wakishikana mikono wakivuka kila barabara, akawasimulia mji, moto mkubwa, upepo, ng'ombe waliojaza reli, na Bernadine katikati yao kwenye mto wa kiti ili kidevu kifike mezani, kazi yake kutafsiri, maana alikuwa na Kipolandi cha Bibi na Kiingereza cha masista, mjomba anauliza hii ni chakula au ni jengo, mwambie mhudumu, Berni, mwambie, na mhudumu anacheka, na sufuria nyeusi inafika imeshikwa kwa koleo, ukuta wa mkate umesimama wima, nyanya juu na jibini chini, kinyume na akili yote, na mhudumu anauliza kwanza nani mgeni, kwa sababu kipande cha kwanza ndicho kigumu kutoka na ndicho cha heshima, kinainuliwa juu, jibini inavutika, inavutika, mashangazi wanasema Yesu na Maria, na Baba anacheka kama mtu mwingine... alimpenda Baba yule. Labda hapakuwa na mahali pengine duniani alipokuwa akimwona. Na Wade, naye Wade aliletwa hapa, kijana mrefu wa jangwani aliyekuja kumwoa, akaketishwa, akasimuliwa moto na upepo na ng'ombe, akapewa kipande cha kwanza, akasema pazuri, na usiku ule Bernadine alilia kwenye mto kwa sababu alielewa, Baba amempokea kama mgeni na mgeni huondoka, mpaka Ijumaa, Ijumaa ile Baba alirudi na boksi la Stela, akaliweka mezani, hakuna tai, hakuna hadithi, akachukua kona, akaitazama, akaisukuma kwa kidole mpaka mbele ya Wade, akafungua redio. Hapo ndipo walipooana, kwa kweli, kanisani walikwenda kutangaza tu... na ndiyo maana, ndiyo maana leo angependa zaidi Leni amwache nyumbani na njaa, ampe mkate mkavu na kisu, kuliko kumleta hapa na kumwuliza kama anasikia baridi.

Lakini Leni alikuwa ameacha habari za goti, Bernadine akainua macho, akamkuta ametoa kitu mfukoni mwa shati na kukilaza kando ya sahani kana kwamba kimejilaza chenyewe, kalamu nene ya wino mweusi, ile ya kuandikia maboksi gereji, na anatazama ukuta, anaupitia polepole kutoka dari mpaka chini kama mtu anayetafuta jina lake kwenye matokeo ya mtihani, mdomo wazi kidogo, mzee mwenye mvi na miwani ya kusomea imening'inia shingoni kwa kamba, akasema, "Baba alikuwa akikaa wapi?" Pale, Bernadine akamwonyesha, ile karibu na mlango wa jiko, ili aone sufuria zinavyotoka, naye Leni akageuza kiti kizima ili aitazame meza ile, ambapo sasa walikaa vijana watatu wenye simu, akaitikia kwa kichwa taratibu kana kwamba vijana wale wamemthibitishia jambo, na hapo ndipo lilipomjia, si kama wazo, kama mtu aliyefungua mlango na baridi ikaingia, oda ya mlangoni, menyu iliyokunjwa na kukunjuliwa, kalamu... "Leni," akasema, "hujawahi kufika hapa?"

"Ningefika na nani?" Leni akasema, akicheka, hapakuwa na uchungu ndani yake, au ulikuwa umekaa sana mpaka umekuwa kama samani, "gari si lilikuwa linajaa. Baba, Mama, wageni nyuma, na wewe juu ya magoti ya mtu, mkalimani. Mimi na Bibi tunabaki kuangalia ndondi." Na maisha yote haya, Leni, na Marlene, na watoto? "Marlene wa kusimama foleni na watalii? Na watoto walikuja na shule yao, wakarudi wakaniambia." Akaichukua kalamu, akaiweka. "Ulikuwa unaniletea vibiriti vya karatasi, vile vyenye picha ya sufuria. Mnarudi mnanukia jibini wote, hata padri. Vibiriti vyote ninavyo, viko kwenye kopo la kahawa, jibini tu ndiyo sikupata."

Gari linajaa... lilijaa, ni kweli lilijaa, hakuna aliyeamua, magari ya wakati ule yalikuwa makubwa na bado yalijaa, na aliyebaki alikuwa mdogo na hakulia, au alilia na Bibi akamfuta kwa lile taulo la kijani, na Bernadine kwenye magoti ya shangazi alikuwa akitazama taa za mji zikimjia, akijihisi wa nyumbani kuliko watu wote garini, bila kufikiri hata mara moja kwamba kiti chake kilikuwa na bei yake na mwenye kuilipa yuko dirishani na bibi... basi si hivyo, alikuwa amesoma vibaya, siku nzima amekuwa akisoma kwa herufi za Baba barua iliyoandikwa na mtu mwingine, Leni hakumleta mgeni, Leni amejileta mwenyewe, amemtafuta mtu wa kumleta, na mtu huyo alikuwa Arizona, ikabidi amngoje... na jana, ilikuwa jana, alipopanda orofa ya juu kwa kisingizio cha kutazama madirisha, vyumba vyote vitupu, vimefagiliwa, na katika chumba cha mbele kiti kimoja tu, kile cha jikoni cha zamani, cha njano, chenye ngozi iliyopasuka na miguu iliyoliwa na chumvi ya kuyeyushia theluji barabarani, akadhani wapangaji wamekisahau, akapita, ilhali mtu yeyote wa Archer anakijua kiti kile, kile ndicho Baba alichokuwa akikitoa nje kila msimu wa baridi, ukishachimba theluji ukalitoa gari unaweka kiti barabarani, na hakuna atakayegusa nafasi hiyo, hata polisi, hata shetani, utakwenda kazini utarudi utaikuta, kiti ni neno, kinasema huyu ametoka kidogo, atarudi, na hakuna aliyewahi kusema kiti kikae muda gani... na hakuna kibao dirishani, tangu masika. Au labda ni kiti tu. Leni hatupi vitu, Leni ana kopo la vibiriti, huenda kiti kilipanda juu kwa sababu chini hakuna nafasi, mtu asijenge nyumba juu ya kiti. Treni ikapita, uma zikacheza, mmoja ukasogea ukagusa kalamu.

Mhudumu akarudi na sahani za ziada, akasema wamsamehe, tanuri limejaa, itachelewa tena kidogo, lakini wamwambie mapema, nani kati yao mgeni, kipande cha kwanza huwa ni chake. Na Leni, kwa mkono ule ule wa Baba, kiganja wazi, alikuwa tayari anaunyoosha kuelekea upande wa pili wa meza, uso umejaa fahari ya mtu ambaye hatimaye anatenda jambo alilosimuliwa tu, na Bernadine akauona mkono ule ukimjia, akaona kwamba akinyamaza utafika, na ukishafika ameshakuwa mgeni, ataambiwa pazuri na atasema pazuri, na Jumapili atapelekwa uwanja wa ndege na taulo zitakunjwa.

"Huyu," akasema. "Mpe huyu, leo ndiyo mara yake ya kwanza. Mimi ni wa hapa."

Mhudumu akamtazama Leni, akatoa penseli moja sikioni, akasema maishani mwake ameona mengi, akaenda zake. Mkono wa Leni ulikuwa bado hewani, haujui pa kwenda. "Mimi ni wa hapa, Leni," Bernadine akasema tena, na sentensi ya kwenye ndege ikatoka yote, haikutoka imekunjwa, ilitoka na mikunjo, nataka kurudi, pale juu, kama hujampa mtu, kama Marlene hatajali, sijui nitafanya nini na ndimu, akachukua leso ya karatasi akaipangusia meza ambayo ilikuwa safi. Leni akashusha mkono, akavua kifuniko cha kalamu, akakirudisha, akakivua. Watu wa meza ya jirani walikuwa wanapigana picha na sufuria yao. Kutoka jikoni ikaja harufu ile, unga na nyanya na chuma cha moto, harufu ya Baba mwenye tai, ikapita juu yao wote wawili kwa mara ya kwanza.

"Kesho Ijumaa," Leni akasema, macho kwenye kalamu. "Mjukuu wa Stela haleti nyumbani, anasema tuna miguu. Itabidi uende wewe ukaichukue, mimi na goti hili siwezi kuvuka ile barafu ya pale kwenye kona." Akafikiri. "Na uipitie njia ya mbele kwanza kwa beleshi, usiku theluji itaanguka tena."

"Nitaipitia," akasema.

"Na kona tunagawana. Mbili mbili."

"Mbili mbili," Bernadine akasema, akijua kabisa kwamba atakula ya kwanza njiani, chini ya taa ya barabarani, boksi likimuunguza mkono, kama alivyokuwa akifanya siku zote, na kwamba Leni anajua, na piza ilikuwa bado haijafika.